Fataki dukani, faini nyumbani: majibu ya barua zenu za Julai

Juni ikikaribia kwisha, barua za ukurasa huu hubadilika. Maswali ya kodi ya pango na leseni za udereva hukaa kando, huja ya fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mwaka huu zimekuja kutoka majimbo mengi kiasi kwamba nimeona toleo zima niwape ninyi. Kwa mliojiunga nasi karibuni: mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za hapa Ohio. Si wakili, na palipo na haja ya wakili nitasema. Lakini mimi ndiye nikaaye ubavuni mwa watu wetu hakimu anapowasomea shtaka, na kesi za fataki zinaniuma kuliko nyingi, kwa sababu mshtakiwa karibu kila mara ni mtu mwema aliyetaka kuwafurahisha watoto wake.

*

*Shikamoo Mama. Naishi Columbus, Ohio, na familia yangu. Tulitokea kambi ya Nyarugusu. Mwaka jana tarehe 4 Julai nilinunua fataki za dola 180 kwenye duka kubwa kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji. Waliniomba kitambulisho, wakanipa risiti na miwani ya kukinga macho. Usiku nikazirusha mbele ya nyumba, watoto wakishangilia. Askari akaja, akachukua zilizobaki na kuniandikia tiketi. Nilimwonyesha risiti, hakuitazama. Nikalipa faini yakaisha. Sasa nataka kujua: Ohio imeruhusu au haijaruhusu? Na tiketi hiyo itanisumbua nikiomba uraia?* — Baba wa watoto wanne, Columbus

Marahaba, baba. Ohio imeruhusu. Columbus imekataa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Nianze na jimbo. Kabla ya Julai 2022, mtu aliweza kununua fataki kubwa Ohio, lakini alitia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba atazitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48. Kila mtu alijua kwamba ahadi ile haitimizwi: watu walitia sahihi mchana, usiku wakazilipua uani kwao. Novemba 2021 gavana alitia sahihi sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Sheria hiyo inamruhusu mwananchi kurusha fataki katika siku zilizotajwa tu: mkesha wa Mwaka Mpya na Mwaka Mpya wenyewe, mwaka mpya wa Kichina, tarehe 5 Mei, wikiendi ya Memorial Day, tarehe 19 Juni, tarehe 3, 4 na 5 Julai pamoja na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kabla na za baada yake, wikiendi ya Labor Day, na Diwali. Idi haimo. Nawaambia hivyo wasomaji Waislamu waliozoea fataki za Idi huko pwani: mwezi ukiandama, hiyo haiwi ruhusa ya kulipua kitu Ohio. Hata katika siku zilizoruhusiwa, unarusha kwenye eneo lako mwenyewe au kwa idhini ya mwenye eneo, na kamwe si ukiwa umekunywa.

Sasa mji. Sheria hiyo hiyo ya jimbo imeziachia serikali za mitaa uwezo wa kupunguza siku hizo au kukataa kabisa. Columbus imekataa. Cleveland, Cincinnati na Dayton nazo zimekataa. Kwa hiyo ulinunua mahali ambapo kuuza ni halali, ukazibeba hadi mahali ambapo kurusha ni kosa. Risiti yako inathibitisha kwamba hukuiba, basi. Duka lina kibali chake cha kuuza, na kibali hicho hakikufuati nyumbani.

Jambo jingine ambalo nimeliona likiwaponza watu mahakamani: anwani ya posta. Bahasha yako inaweza kuandikwa "Columbus, OH" na nyumba yako isiwe ndani ya mipaka ya jiji. Posta hugawa kwa njia za mabwana posta wake, haifuati mipaka ya serikali. Wengine wenu mko katika miji midogo iliyozungukwa na Columbus, kila mmoja una sheria zake ndogo. Wengine mko katika yale maeneo ya kaunti yasiyo ndani ya mji wowote, yaitwayo *township*. Ukitaka kujua uko wapi hasa, ingia katika tovuti ya mkaguzi wa kaunti (Franklin County Auditor kwa wa huku), andika namba ya nyumba na barabara, utaona nyumba yako inalipa kodi katika eneo gani. Ukishajua, pigia simu ofisi ya kuzuia moto ya eneo hilo, si kituo cha polisi, umuulize anayepokea maswali mawili: hapa mtu wa kawaida anaruhusiwa kurusha fataki? Siku gani na mwisho saa ngapi? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Fanya hivyo kabla ya kwenda dukani, kwa sababu maduka mengi hayarudishi pesa.

Nikugeukie wewe na uraia. Fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kuzuiliwa na askari. Tiketi ya fataki ni kuandikiwa kosa, si sawa na tiketi ya kuegesha gari vibaya. Iandike. Nenda kwa karani wa mahakama iliyoshughulikia kesi yako, uombe nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri inayoonyesha kosa lilikuwa kifungu gani, uamuzi ulikuwa nini, na kwamba ulilipa. Iweke pamoja na vyeti vyako vya kuzaliwa, maana karatasi ile utaitafuta miaka ijayo. Kisha kabla ya kutuma fomu, mwonyeshe wakili wa uhamiaji. Kosa dogo lililoelezwa vizuri huwa na njia yake. Lililofichwa likaja kuonekana kwenye alama za vidole linazua swali zito zaidi, la uongo.

Na ninyi mnaopata tiketi mwaka huu, msifanye haraka ya kulipa ili yaishe. Kulipa mara nyingi ni kukiri kosa. Soma tarehe ya kufika mahakamani, ufike. Sema "Swahili interpreter". Mahakama za Ohio zina wajibu wa kukupa mkalimani, na humlipi hata senti. Usimpeleke mtoto wako wa darasa la saba akufasirie. Nimeona mtoto akimwambia baba yake "sema ndiyo" kwa swali ambalo jibu lake lilikuwa hapana.

*

*Habari dada. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Lowell, Massachusetts. Mdogo wangu anaolewa Septemba. Tungependa wageni wasimame mistari miwili wakishika vile vijiti vya cheche, maharusi wapite katikati. Havilipuki, havirukii juu. Wenzangu kazini wanasema nivuke tu New Hampshire nikanunue, ni dakika chache. Ni sawa?* — Dada wa bibi harusi, Lowell

Hongereni kwa harusi. La, si sawa, na kwenu hakuna hata mlango wa pembeni.

Massachusetts ndiyo jimbo pekee Marekani linalowakatalia wananchi wa kawaida fataki za kila aina, hata hivyo vijiti vya mkononi. Kuwa navyo tu ni kosa, achilia mbali kuviwasha, na haijalishi kwamba ulivinunua kihalali Seabrook, huko New Hampshire, ukaja navyo. Faini ya kuwa navyo au kuvitumia ni kati ya dola 10 na 100, na askari au zimamoto watavichukua. Anayeviuza anakabiliwa na dola 100 hadi 1,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Najua utasema dola 10 si kitu. Lakini juu ya sheria ya jimbo kuna ya shirikisho: anayesafirisha fataki kuziingiza katika jimbo akijua zinakwenda kutumika kinyume cha sheria za jimbo hilo anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Ndugu wa harusi mwenye pakiti kumi kwenye buti ya gari, ambaye pengine yuko katikati ya kesi yake ya makaratasi, anajiingiza kwenye jambo ambalo maharusi wasingependa kulisikia.

Niongeze la usalama, kwa kuwa hivi vijiti vinadharauliwa. Kijiti cha cheche huwaka kwa joto la kama nyuzi 1,100 za Selsiasi. Maji ya chai yanachemka kwa 100. Shela, kitenge cha nailoni, nywele za bandia, watoto wa usimamizi waliovaa gauni za wavu: sitaki kuifikiria hiyo mistari miwili. Wape wageni taa ndogo za betri au leso za kupunga. Na vigelegele mnavyo, havihitaji kibali.

*

*Mama, za siku? Mimi Mrundi wa Houston. Mwishoni mwa Juni vibanda vya fataki vinajaa kandokando ya barabara. Vijana wa kanisa letu tumechangishana, tunataka kurusha katika uwanja wa kanisa usiku wa tarehe 4. Kanisa liko nje kidogo, sijui kama bado ni Houston.* — Kijana wa kwaya

Hilo "sijui kama bado ni Houston" ndilo swali lote, mwanangu. Ndani ya mipaka ya jiji la Houston ni marufuku kuuza, kumiliki na kurusha, na faini ni dola 500 hadi 2,000 kwa kila fataki moja. Si kwa sanduku: kwa moja. Nje ya mji, katika eneo la kaunti lisilo na mji, sheria ya Texas inaruhusu, ndiyo maana vibanda vinapangwa pale mpaka unapoishia. Vinauza kuanzia tarehe 24 Juni hadi usiku wa tarehe 4 Julai, halafu tena tarehe 20 Desemba hadi usiku wa Mwaka Mpya.

Mkikuta kanisa liko nje ya mji, bado yapo mawili. Texas hairuhusu kurusha fataki ndani ya futi 600, yaani kama mita 180, kutoka kanisa, hospitali, shule au kituo cha kulelea watoto chenye leseni, isipokuwa wenyewe wametoa idhini kwa maandishi. Kanisa ni lenu, lakini barua ya wazee wa kanisa iwepo, yenye sahihi, na mkae nayo usiku huo. Kama shule iko jirani, na yake mnaihitaji. La pili ni ukame. Kaunti inaweza, nyasi zikikauka sana, kupiga marufuku roketi zenye vijiti na makombora yenye mapezi hata kama mengine yote yanaruhusiwa. Tangazo hilo hutoka karibu na sikukuu, kwa hiyo ulizeni ofisi ya zimamoto ya kaunti wiki ile ile.

Kwa ndugu zenu wa Dallas: huko mji umenyoosha mkono hadi futi 5,000 nje ya mpaka wake, zaidi kidogo ya kilomita moja na nusu. Kuvuka kibao cha mji hakutoshi.

*

*Mama shikamoo. Niko Portland, Oregon. Mwanangu wa miaka 14 ana rafiki ambaye wazazi wake huenda ng'ambo ya mto, upande wa Washington, kununua fataki. Nimekuta bomu la moshi kwenye mkoba wake wa shule. Anasema ni mchezo, halilipuki. Nimemfokea, hanisikii. Nimwambie nini?* — Mama mlezi

Marahaba. Mwambie kilichotokea hapo hapo kwenu.

Tarehe 2 Septemba 2017, kijana wa miaka 15 alirusha fataki ya moshi kwenye njia ya watembea kwa miguu huko Eagle Creek, katika bonde la mto Columbia. Haikuwa bomu kubwa, ilikuwa kitu cha aina hiyo uliyoikuta mkobani. Msitu ulikuwa umekauka. Watembeaji wapatao 150 walizingirwa na moto, wakalazimika kulala porini. Moto uliteketeza ekari zaidi ya 48,000, ukafunga barabara kuu, ukahamisha watu majumbani, na miezi ikapita kabla haujadhibitiwa. Mwaka 2018 jaji alimwamuru kijana huyo alipe fidia ya zaidi ya dola milioni 36. Aliwekwa chini ya uangalizi miaka mitano na kupewa saa 1,920 za kazi ya jamii. Fidia inalipwa kidogo kidogo, na akishika masharti jaji anaweza kuisimamisha baada ya miaka kumi, lakini fikiria ujana wa mtoto umebebeshwa namba kama hiyo.

Mketishe mwanao, mfungulie picha za moto ule kwenye simu, halafu nyamaza umwache atazame. Mtoto wa miaka 14 aliyefokewa anasikia sauti tu.

Sheria yenyewe ni fupi. Oregon inakataza, bila kibali, kila fataki inayoruka juu, inayolipuka, au inayokimbia zaidi ya futi 12 ardhini. Zinazobaki, zile za kutoa cheche palepale, jiji la Portland limezikataa nazo tangu 2022: kuuza na kutumia. Ng'ambo ya mto, sheria ni za watu wengine. Na msituni, ziwe ardhi za shirikisho za misitu au hifadhi za taifa, fataki ni marufuku kote Marekani, siku zote za mwaka. Watu wetu wa Minnesota na Arizona mnaopenda kupiga kambi, hili ni lenu pia.

Mpigie na mama wa yule rafiki. Huenda hajui kwamba alichonunua kihalali ng'ambo ya mto kimeishia kwenye mkoba wa mtoto wako.

*

*Jambo Mama. Miye natoka Uvira, niko Pittsburgh, Pennsylvania, pamoja na mama yangu mzee na watoto. Tangu mwisho wa mwezi wa tano jirani wanapasua fataki kila usiku, hata saa saba za usiku. Mama anaamka anasema "wamefika", anawaficha watoto chini ya kitanda. Watoto wa shule wanasinzia darasani. Naogopa kuita polisi, nisionekane mugeni anayekataza watu sikukuu yao. Niko na haki gani?* — Binti wa Uvira

Jambo mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Msalimie mama. Mwambie kuna mtu Columbus amemwelewa.

Unayo haki, na sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Pennsylvania ilifungua mlango wa fataki kubwa mwaka 2017, kelele zikawa nyingi, na mwaka 2022 Bunge la jimbo likaubana tena kwa sheria iitwayo Act 74. Hairuhusiwi kurusha fataki kati ya saa nne usiku na saa nne asubuhi. Mwanya uliopo: tarehe 2, 3 na 4 Julai na tarehe 31 Desemba wanaruhusiwa hadi saa saba za usiku, na tarehe 4 Julai ikiangukia katikati ya wiki, Ijumaa na Jumamosi zake huongezewa muda vilevile. Kwa hiyo jirani anayelipua saa saba za usiku mwezi wa tano anavunja sheria, hakuna mjadala.

La pili lina nguvu zaidi kwenu mjini. Anayerusha lazima awe mbali na jengo lolote au gari lolote futi 150, kama mita 46. Toka nje mchana utazame mtaa wako. Nyumba za Pittsburgh zimebanana, magari yamepangwa kandokando. Katika mitaa kama hiyo hakuna mahali pa kusimama penye nafasi hiyo, kwa hiyo hata saa mbili usiku hawapaswi kurusha. Barabarani au kwenye eneo la umma hawaruhusiwi pasipo idhini, wala aliyekunywa haruhusiwi popote. Kosa la kwanza faini yake inafika dola 500. Vile vijiti vya cheche na vinavyotoa cheche ardhini havimo katika katazo hili. Usiwashtaki watoto wa jirani kwa hivyo.

Nani umwite? Kama kuna moto, au mtu ameumia, au fataki zinaelekezwa kwa watu, piga 911 bila kusita. Anayepokea akikuuliza, taja neno "Swahili" na usubiri. Wana njia ya kuunganisha mkalimani kwenye simu. Kwa kero inayojirudia, Pittsburgh ina namba 311 ya huduma za mji. Wape anwani, tarehe na saa. Andika daftarini kila usiku: saa ngapi, zilitokea upande gani, zilidumu muda gani. Diwani wa eneo lenu naye ana ofisi na anapokea malalamiko. Daftari lako litamsaidia kuliko machozi yako, ingawa machozi nayo ni haki yako. Unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina. Usiende kugombana na mtu mwenye kiberiti mkononi.

Kuhusu kuonekana mgeni anayewanyima watu sikukuu yao, hilo liondoe moyoni. Wamarekani waliopigana vita Iraq na Afghanistan wanaishi na hofu ile ile ya mama. Katika mitaa mingi utaona bango dogo mbele ya nyumba linalosema hapa anaishi askari wa zamani, tafadhali kuweni waungwana na fataki. Hakuna anayewaita wageni. Kama jirani yako mmoja anaongeka, mfuate mchana, na chapati ukipenda, umwambie kwa maneno machache: "Mama yangu alitoroka vita. Usiku akisikia mlipuko anadhani wanajeshi wamefika." Wengi hawajui. Nimeshuhudia mtaa mzima ukikubaliana kumaliza saa tatu na nusu kwa sababu ya bibi mmoja.

Na tarehe 4 yenyewe, ambapo hakuna simu itakayozima mji mzima, mwandaeni mama mapema. Mwambieni asubuhi, si jioni: leo usiku watu watalipua baruti kwa furaha, hakuna anayekuja. Onyesho kubwa la jiji linafanyika pale mito inapokutana, Point State Park, na saa zake hutangazwa, kwa hiyo mnaweza kumwambia lini litaanza na lini litakwisha. Mlazeni chumba cha katikati kisicho na dirisha la barabarani, feni iwashwe, redio ya nyimbo za dini kama anazipenda, mtu mzima mmoja akae naye. Ikiwa hofu inaendelea wiki baada ya wiki hata pasipo fataki, mwambie mfanyakazi wa shirika lililowapokea kwamba mama anahitaji daktari wa mambo ya vita. Huduma hizo zipo kwa wakimbizi, na mkalimani hutolewa.

*

*Habari za kazi. Desemba nakwenda Dar. Nataka kuwabebea wadogo zangu fataki za kweli za Marekani kwa ajili ya mkesha. Niweke kwenye begi la chini au la mkononi? Kuna jamaa pia anauza M-80, zile fataki za mlipuko mkubwa, kwenye maegesho, bei poa.* — Kaka wa Tacoma

Si la chini wala la mkononi. Fataki haziingii ndege ya abiria kwa namna yoyote, na posta ya Marekani nayo haizipokei. Zikikutwa kwenye begi unaweza kukosa safari, ukatozwa na faini. Na hata kama zingefika, Tanzania huwezi kuzirusha pasipo kibali. Polisi hukumbusha hivyo kila Desemba. Kenya ni vilevile, zimo chini ya sheria ya vilipuzi.

M-80 usiinunue, kaka, hata akikupa bure. Fataki ya ardhini inayouzwa halali kwa mwananchi wa kawaida haizidi miligramu 50 za baruti ya kulipuka. M-80 ina kama gramu 3, zaidi ya mara hamsini. Serikali ya shirikisho ilizipiga marufuku kwa matumizi ya watu wa kawaida mwaka 1966, na hakuna jimbo hata moja, hata lile lenye sheria laini kabisa, linaloweza kukuruhusu. Anayeziuza kwenye maegesho ametengenezewa na mtu asiyepimwa na yeyote, na utambi wake unaweza kuwa wa sekunde moja. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilihesabu vifo 11 na majeruhi wanaokadiriwa kufikia 14,700 kwa fataki mwaka 2024, kutoka vifo 8 na majeruhi 9,700 mwaka uliotangulia. Tayari unayo? Usiiwashe "ili iishe", usiitupe kwenye pipa, usiipeleke kituoni kwa gari. Iache ilipo, watoto wakae mbali, piga namba ya zimamoto isiyo ya dharura uwaeleze ulichonacho, nao watakuambia nani anakuja kuichukua.